Meza Nzima ya Jaji

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri humjulia hali mtu kabla ya kumtwisha shida, na kwamba anayeanza na shida anafanana na mtu anayeongea huku anakimbilia basi. Kwa hiyo naanza taratibu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na ile oveni kubwa ya hapo bakery, uliyosema inazima inapojisikia, imetengenezwa?

Sisi hatujambo. Baba bado anafundisha watu udereva, na bado anakanyaga breki akiwa amekaa kwenye kochi. Mama amepata kazi ya kushona sare za kwaya arobaini na mbili, zote za zambarau. Siku hizi tunatoa nyuzi za zambarau hadi kwenye chai. Mimi niko darasa la saba na nimekuwa wa pili. Mdogo wangu Jaji anaendelea kutoa hukumu bila kuombwa. Juzi alimwambia jirani yetu mwenye upara kwamba hakosi kitu, kichwa chake kimepumzika tu.

Ninaandika kwa sababu simu yako haipatikani tangu ilipotumbukia kwenye mashine ya kukandia. Nilipopiga ya ofisini, meneja wenu aliniuliza nataka mikate mingapi. Nilipojibu kwamba nakutaka wewe, akasema hiyo haipo kwenye orodha.

Sasa naomba nieleze shida yangu. Tarehe 21 Juni Jaji anatimiza miaka mitano. Unajua alivyosema daktari, kwamba tumbo lake halipatani na ngano kabisa, hata chembe. Nataka kumtengenezea vitu vya siku yake ya kuzaliwa bila ngano. Wewe umeoka kwa miaka ishirini na minane, nami sijui pa kuanzia. Tafadhali nifundishe kwa barua. Viwe vitu rahisi, kwa kuwa mlango wa oveni yetu unafungwa kwa kamba.

Pia ningefurahi kama ungekuja. Hujafika kwetu tangu siku yake ya mwaka jana.

Mwanao mtiifu.


16 Aprili

Katibu wangu,

Marahaba. Nimekupa cheo hicho kwa sababu barua yako ina mpangilio kuliko mikutano yetu yote ya kazini. Nimeisoma nimesimama. Hapa kiti ni kimoja, na meneja hakiachi hata akienda kunawa.

Mgongo upo, unanifuata kila ninakokwenda. Fundi wa oveni alikuja, akaizunguka mara mbili, akaomba chai, akasema atarudi. Chai alimaliza. Wifi yangu mwambie zambarau ni rangi nzuri ila ina kiburi, aifue peke yake. Mdogo wangu, yaani baba yako, msalimie.

Sasa hilo la keki bila ngano. Mwanangu, ni kama kumwambia mama yako ashone hizo sare bila uzi. Mimi nafika kazini saa kumi na moja alfajiri. Bati napaka siagi, napiga vumbi la unga wa ngano, naligeuza, naligonga mara mbili. Kila bati, kila siku. Mikono yangu inafanya yenyewe, mimi nikiwaza mambo mengine. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Hiyo nyingine ni ya wanasayansi.

Ushauri wangu ni huu. Tengenezeni keki ya ngano ya maana kwa ajili ya wageni, msije mkaaibika mtaani. Mtoto mkatieni matunda kwenye sahani yake nzuri, mumweke pembeni hapo, atafurahi tu. Watoto hawana neno.

Kuhusu kuja, oveni hainiruhusu.

Shangazi yako.


3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako na kwa cheo. Tumefurahi kusikia kwamba mgongo upo. Baba nilimpa salamu zako. Alisema "asante," kisha akakanyaga breki.

Ushauri wako nimeuandika kwenye daftari, lakini naomba ruhusa ya kuukataa. Nitaeleza kwa nini, ili usifikiri ni ukaidi.

Mwezi uliopita mapacha wa jirani walikuwa na sherehe. Mama alimfungia Jaji viazi vya kuchemsha kwenye kopo la bluu. Nilikwenda naye. Meza ilikuwa imejaa keki, biskuti na sambusa za watu. Jaji alikaa na kopo lake mapajani, hakulifungua. Kila aliyepita na sinia alimwambia, "Wewe hapana, wewe una vyako." Mama wa mapacha hakuwa na nia mbaya, alisema kwa upole, lakini alisema mara saba. Nilihesabu. Mwishoni Jaji alimwambia kila mtu kwamba hana njaa, hata wale ambao hawakumuuliza. Viazi tulirudi navyo.

Njiani akaniuliza, "Kuna meza ambayo naruhusiwa yote?"

Nikasema ipo, ya siku yako. Shangazi, nimeshaahidi. Kila kitakachokuwa juu ya meza ile, Jaji ataruhusiwa kukila, na wageni watakula hicho hicho. Kukiwa na keki ya wageni na sahani ya pembeni, nitakuwa nimemtengenezea kopo jingine la bluu, tena nyumbani kwake.

Nimejaribu mwenyewe mara moja. Nilichukua vipimo vya keki yako ninavyovikumbuka, nikaweka unga wa mchele badala ya ngano, kikombe kwa kikombe. Mama aliikata kwa mkasi wa kushonea. Jaji alitafuna kwa muda mrefu, akasema, "Hii haijaamua kama ni chakula."

Tafadhali nisaidie. Siku zilizobaki ni arobaini na tisa.

Mwanao, Katibu.


29 Mei

Unga wa mchele hunywa maji polepole, kama mgeni mwenye haya. Ukiuharakisha unakaa kama mchanga. Uchanganye, kisha uufunike nusu saa kabla ya kuoka. Hapo ndipo ulipokosea.

KEKI. Mchele uoshe, uanike ukauke kabisa, uusage mwenyewe kwa blenda ya nyumbani. Usinunue wa mashineni, pale wanasaga na ngano. Unga huo kikombe kimoja na nusu, unga wa muhogo vijiko vitatu vya kulia, ndizi mbili zilizoiva hadi zikapata madoa, sukari nusu kikombe, mafuta nusu kikombe, mayai manne. Baking powda kijiko kimoja cha chai, na usome maandishi ya kopo, nyingine zina ngano ndani. Ute wa mayai tenga, upige hadi ukigeuza bakuli usimwagike. Kama huna imani, usigeuzie kichwani. Ute unaingia mwisho, kwa mwiko, taratibu. Ngano ina gundi yake. Mchele hauna, kwa hiyo ndizi na mayai ndiyo yatashika.

BISKUTI. Siagi ya karanga kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, yai moja. Hakuna unga wowote. Nami sikuamini. Viringisha, bonyeza kwa uma, oka dakika kumi na mbili. Zikitoka zitakuwa laini sana, usiziguse, ziache zipoe zijipange.

MIPIRA YA TENDE. Tende toa kokwa, saga na karanga kidogo, viringisha, pitisha kwenye nazi kavu. Hii hata Jaji mwenyewe anaweza kufanya, akinawa.

Nimekosea mara sita kabla ya kukuandikia. Nilikuwa nabaki baada ya zamu. Wenzangu wamecheka mpaka wamechoka. Meneja ameuliza kama ninaanzisha zahanati.

Sikukusalimia mwanzoni kwa sababu niliogopa nikianza salamu nitaishia hapo hapo. Sikujua habari ya kopo.

Shangazi.


8 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante sana. Mwalimu angesema barua yako haina utangulizi, lakini mimi nimeibandika ukutani juu ya jiko.

Habari za nyumbani kwanza. Sare za kwaya zimekwisha, kasoro moja yenye mikono miwili ya kushoto, na mama anasema mwenye nayo ataimba akiwa amegeuka. Jiko tumelisafisha kama alivyoelekeza daktari. Chekecheo la zamani tumelitoa kwa sababu matundu yake yalikuwa yameshika ngano, na ubao wa kusukumia chapati pia. Baba haruhusiwi tena kula mkate ndani ya nyumba. Asubuhi anasimama getini na mkate wake, anatazama huku na huku kama mvuta sigara, kisha anakung'uta shati. Wanafunzi wake wa udereva wanadhani anakagua barabara.

Sasa matokeo. Biskuti zilifaulu mara ya kwanza. Nilizigusa mapema, tatu zikavunjika, lakini uliniambia. Jaji alisema, "Hizi zinaweza kukaa mezani." Mipira ya tende alitengeneza yeye, mikubwa kama ngumi, na akanitangazia kwamba mtu hawezi kumaliza mmoja bila msaada wa ndugu.

Keki ya kwanza ilizama katikati kwa sababu kamba ya mlango ilifunguka. Ya pili nilikalia kiti mbele ya oveni nikaushikilia mlango kwa mwiko dakika arobaini, huku nasoma historia. Ilipanda, Shangazi. Ilikuwa laini. Mama alikula kipande, akatazama kipande kingine, akasema anakagua tu kama kimeiva. Jaji alisogeza sahani tena.

Kuna jambo nataka kuuliza, na sijui kama ni adabu. Mwaka jana uliondoka sherehe haijaisha, hukuaga. Usiku ule Jaji akaanza kuumwa. Hapa nyumbani hakuna anayelizungumzia. Mimi siulizi kilichotokea. Nauliza tu kama utakuja.

Mwanao, Katibu.


18 Juni

Katibu,

Marahaba. Naandika kwa haraka, basi linapakia.

Siwezi kuja, mafundi wanafunga oveni mpya wiki hii. Lakini kwenye boksi hili kuna keki ya mtoto, ghorofa tatu, ili usihangaike na mlango wako wa kamba. Imenichukua siku mbili. Usiogope, haina ngano. Unga wa mchele nimeusaga nyumbani kwangu. Mayai kumi na mawili, ndizi sita, muhogo, nazi, sukari. Baking powda nimesoma kopo mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Lile pambo la juu ni nyundo ya jaji, ingawa limetoka kama mwavuli.

Boksi lisilale upande. Msalimie mdogo wangu. Mwambie nimejitahidi.

Shangazi yako.


20 Juni

Katibu, usimpe ile keki.

Usimpe. Kama barua hii imefika kabla hamjakata, ifungeni, mpeni mtu mwingine, itupeni.

Leo asubuhi nimeingia kazini, nimeshika bati la kwanza, nimepaka siagi, nikapiga vumbi, nikageuza, nikagonga mara mbili. Ile sauti ya kugonga ndiyo iliyonishtua. Juzi pia nilisikia bati likigongwa. Unga niliusaga nyumbani, kopo nilisoma, bakuli nililiosha kwa maji ya moto, halafu mabati yote matatu nikayapiga vumbi la ngano. Mikono yangu, Katibu. Mimi nilikuwa nawaza jinsi mtoto atakavyofungua boksi.

Nimeazima simu kwa watu wanne, lakini namba zenu zilikuwa ndani ya simu yangu, na simu iliishia kwenye kinyunga. Namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni ya hapa bakery. Basi limejaa hadi Jumatatu. Barua hii nampa kondakta, ameapa kwamba kesho asubuhi itakuwa mkononi mwenu.

Na kwa kuwa naandika, niandike yote. Mwaka jana mlikuwa mmeshaniambia habari ya ngano. Wifi aliniambia jikoni, mdogo wangu akaniambia sebuleni. Nikajisemea, kipande kidogo cha mkono wangu mwenyewe kitamfanya nini mtoto, hawa wanadekeza. Nikamkatia nyuma ya pazia. Alikila chote, akanishukuru. Baadaye baba yako alikuja na ufagio, akafagia makombo pale nyuma ya pazia, hakuniambia neno hata moja. Nikachukua mkoba wangu. Nikasikia baadaye kwamba mtoto aliumwa siku tisa.

Hakuna oveni iliyonizuia kuja. Hata hiyo mpya haipo, ni ile ile ya zamani. Nilikuwa sijui nitapitaje mlangoni.

Usimpe.


22 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka vizuri. Sherehe ilikuwa jana, na nataka kukueleza yote kabla sijaanza kusahau. Lakini kuna jambo moja gumu, na mwalimu anasema jambo gumu lisifichwe aya ya mwisho, kwa hiyo naliweka hapa.

Keki yako hatukuiweka mezani.

Ilifika Ijumaa, haijaumia hata kidogo. Mama alikiinua kifuniko kwa mikono miwili. Ni keki nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Kisha nikasoma kikaratasi chako, na ulikuwa umeandika kila kitu, hadi miwani, isipokuwa bati lilipigwa vumbi la nini. Nikatoa barua yako ya Aprili, ile uliyoeleza kwamba mikono yako inafanya yenyewe. Nikasoma zote mbili tena. Nisingeweza kukuuliza, kwa sababu meneja angeniuliza mikate mingapi. Nilijaribu hata hivyo. Aliniuliza.

Baba alisema, "Dada ametuma keki kwa mikono yake. Tukiificha atajua tumemhukumu."

Nikasema, "Tukiiweka, na mimi sina hakika, nitamwambia nini Jaji akigusa?"

Baba akasema tuiweke upande wa wageni tu, pembeni, na tumlinde.

Nikasema, "Baba, nilimwahidi meza nzima."

Baba akachukua ufunguo wa gari. Tuliipeleka kwa mafundi cherehani wenzake mama, kwa mwendo wa polepole mno, hata wanafunzi wake walitupita. Mafundi waliila yote wamesimama. Wamesema hawajawahi kula kitu kama kile, na wanauliza kama familia ina mtoto mwingine mwenye keki isiyofaa. Nilikosea labda. Kama bati lilikuwa safi, naomba unisamehe, nitakuwa nimekuvunjia heshima bila sababu.

Sasa sherehe. Mezani palikuwa na keki ya ndizi, biskuti za karanga, mipira ya tende, bisi za sukari na tikiti maji. Walikuja watoto sita, pamoja na mapacha. Pacha mmoja alitazama akauliza, "Keki ya kweli iko wapi?" Jaji akamwambia, "Ndiyo hiyo. Ukiiona ya uongo, usile." Yule pacha alikula vipande vitatu.

Lakini kabla ya hapo, Jaji alizunguka meza. Alikuwa anaonyesha kwa kidole, kimoja kimoja. "Na hiki?" Nikasema unaruhusiwa. "Na hiki?" Unaruhusiwa. "Na hizi zote?" Zote. Akafika kwenye chombo cha maua ambacho mama alikiweka kwa ajili ya kupendeza. "Na haya?" Nikasema hayo hapana, hayo ni maua. Akanitazama kama jaji anavyomtazama mtu aliyekamatwa. "Ulisema vyote vilivyo mezani."

Nikayaondoa maua, nikayaweka dirishani. Ndipo akakubali kukaa.

Nilidhani atakula hadi tumzuie. Alikula biskuti mbili na kipande cha keki, akafuta mikono kwenye gauni, akakimbilia nje kucheza na mapacha. Chakula kilibaki kimekaa pale, na yeye hakukigeukia, kama watoto wengine wasivyogeuka. Mama alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Leo asubuhi ameamka mzima. Nimemwangalia mara nne, na mara ya nne ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwanao, Katibu.


26 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 20 imefika jana. Kondakta ameileta mwenyewe hadi mlangoni. Aliikalia, akaisahau, ikaenda na kurudi mara mbili. Ameomba radhi sana, na Jaji amempa mpira mmoja wa tende, kwa hiyo nadhani ameadhibiwa.

Huenda ya kwangu ya tarehe 22 haijakufikia, na siku hizi zote umekaa hujui. Kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa, ili uone kabla ya salamu nyingine: JAJI HAKULA KEKI ILE. HAUMWI. Baba ataenda stendi na barua hii, atampa dereva badala ya kondakta, na atapiga simu bakery. Amesema meneja akimuuliza mikate mingapi, ataagiza mmoja, kwa sharti kwamba uje kuipokea oda wewe mwenyewe.

Barua yako nilimsomea Baba jana jioni. Sikuruka kitu, hata pale nyuma ya pazia. Nilipomaliza aliomba aisome mwenyewe, kana kwamba ningeweza kukosea maneno. Aliisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akasema, "Nilifagia kwa sababu nilikosa la kusema. Nikadhani yeye ndiye aliyekasirika." Akatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Mama anasema uache nguo zote za bakery huko huko, atakushonea mbili za kuvaa hapa. Kitambaa kilichobaki ni cha zambarau, usishangae.

Jaji alikuwa anatusikiliza akiwa chini ya meza. Ametoka akauliza kama shangazi ana kitu chochote ambacho tumbo lake halipendi. Nimesema sijui, sijawahi kuuliza. Amesema niulize leo leo na ujibu kabla hujapanda basi, ili siku utakayofika, mezani pasiwe na kitu cha kukukataza.

Mwanao,
Katibu.